Otto Lilienthal: Fundi wa boila aliyeruka mara 2,000 bila injini

KAMA umewahi kufika Kipini mwezi wa Julai, upepo wa huko unaujua. Kusi inavuka Ghuba ya Ungwana bila kizuizi, halafu inagonga matuta ya mchanga yaliyojipanga ufuoni. Haiwezi kupenya mchanga, na haiwezi kurudi baharini maana nyuma kuna upepo mwingine unaisukuma. Basi inapanda juu. Mtazame ndege wa baharini akifika hapo: ametandaza mabawa juu ya tuta, hapigi hata mara moja, na bado hashuki. Amepata lifti ya bure.

Lifti hiyo ndiyo siri nzima ya glaida ya mteremkoni, na wewe unaweza kujiundia yako. Unatafuta yale maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki, unakata mabawa, unatia ufito wa mwanzi ndani yasivunjike, unafunga mota mbili ndogo za rimoti za kuvuta mkia, na betri unaiweka mbele kwenye pua. Hakuna injini, hakuna mafuta.

Kabla ya kupanda tuta, unaijaribu chini kwenye mchanga tambarare. Unaitupa polepole kama mkuki. Ikiinamisha pua na kudunga mchanga, uzito umezidi mbele, kwa hivyo sogeza betri nyuma kidogo. Ikiinua pua, ikasita, halafu ikaanguka kama embe, uzito umezidi nyuma. Unasogeza, unatupa, unasogeza, unatupa. Mchana mzima unaweza kuisha hivyo. Ikivunjika, unachukua gundi unaanza upya.

Sasa fikiria huna rimoti. Ile betri ya kusogeza mbele na nyuma ni wewe mwenyewe, na chombo kikianguka unaanguka nacho. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Otto Lilienthal zaidi ya miaka 130 iliyopita, nje ya saa za kazi, akiwa na mke na watoto wanne nyumbani na wafanyakazi wanaomngoja karakanani.

Jina lake huenda hulijui, na si kosa lako. Shuleni tulifundishwa ndugu wawili Wamarekani, Wright, mwaka 1903, basi, kengele ikalia. Lakini hao Wright wenyewe walianzia kwa huyu jamaa.

Otto alizaliwa Mei 23, 1848 katika mji wa Anklam, kaskazini mwa Ujerumani. Ukiuangalia kwenye ramani utacheka, maana ni kama Kipini ya baridi: ardhi tambarare, mto unaokaribia bahari, vinamasi, na ndege kila mahali. Ndege mkubwa wa huko ni korongo mweupe. Watu wa Delta ya Tana hawahitaji kuelezwa korongo ni nani. Huyo mweupe wa Ulaya baridi ikianza hufunga safari, na wengi wao huja huku Afrika Mashariki. Njiani hawakatishi bahari ya Mediterania. Wanazunguka nchi kavu, kwa sababu korongo hapendi kupiga mabawa. Anatafuta hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, anazunguka ndani yake mpaka juu kabisa, kisha anateleza mbali. Baharini hewa ya namna hiyo ni adimu.

Otto na mdogo wake Gustav walikua wakiwatazama korongo hao. Baba alifariki mwaka 1861, Otto akiwa na miaka 13 tu. Familia ilikuwa imezaa watoto wanane, lakini waliokua ni watatu: Otto, Gustav na dada yao Marie. Mwaka uliofuata msiba, vijana hao wawili wakajitengenezea mabawa ya vibao vyembamba, wakayafunga mikononi, wakawa wanakimbia kuteremka kilima. Tena walifanya usiku. Si kwa sababu ya uchawi, ni kwa sababu wenzao wa shule wangewacheka mpaka wahame mji.

Hawakuruka, bila shaka. Lakini hawakuacha pia, na hapo ndipo Otto anapoanza kuwa tofauti na watu wengi waliowahi kujirusha kutoka paa la nyumba. Akasoma ufundi Potsdam, akafanya mafunzo ya kazi kwenye kiwanda cha mashine Berlin, akaingia chuo cha ufundi hapo hapo Berlin. Akiwa chuoni, yeye na Gustav walijenga mtambo wa mabawa ya kupiga kwa miguu, wakauning'iniza kwa kamba na uzito wa kusawazisha. Otto alipiga kwa nguvu zake zote, akapima, akapata kwamba mwili wa binadamu unaweza kuinua takriban nusu ya uzito unaotakiwa. Nusu tu. Mwingine angesema bado kidogo. Otto alielewa kwamba kuruka kwa nguvu za misuli ni ndoto, na kwamba lazima kuwe na kitu kingine ambacho korongo anakijua na sisi hatukijui.

Hebu nikusimamishe kidogo hapa tuzungumzie tarehe. Ukitoka Kipini ukielekea Witu, unapita ardhi ambayo kati ya 1885 na 1890 ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani. Waliouanza mchezo huo walikuwa ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, waliokubaliana na Sultani Ahmad wa Witu, yule aliyeitwa Simba. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya wakabadilishana maeneo mezani, na Witu ikaangukia Waingereza bila mtu wa Witu kuulizwa. Miaka ile ile ndugu hawa wengine wawili wa Ujerumani walikuwa wakihangaikia kitu ambacho hakina mpaka wala hakitiwi sahihi.

Turudi Berlin. Baada ya vita vya mwaka 1870 na 1871 dhidi ya Ufaransa, ambavyo Otto alipigana, ndugu hao walianza kupima hewa. Walijenga mkono mrefu unaozunguka, wakafunga kwenye ncha yake vipande vya bawa vya maumbo mbalimbali, wakapima kila kimoja kinainuliwa kiasi gani na kinavutwa nyuma kiasi gani. Kufikia 1874 walikuwa wamepata jibu: bawa bapa kama ubao ni kazi bure. Bawa lililopinda kidogo, lenye mgongo juu, linainua zaidi sana kwa upepo ule ule.

Kwako hili huenda si la ajabu. Tazama tanga la jahazi likishika upepo: halikai kama meza, linajaa tumbo. Lakini kujua kwa macho ni jambo moja, na kuandika tarakimu za kila umbo kwa kila pembe ni jambo jingine. Otto alitaka tarakimu.

Kisha, cha kushangaza, akakaa nazo. Miaka 15! Sababu ni ya kawaida kabisa, ile unayoijua wewe: alikuwa anatafuta pesa. Mwaka 1878 alimuoa Agnes Fischer, binti wa mchimba migodi. Mishahara haikutosha, na ndugu hao wakajaribu kila hasla. Moja ya hasla hizo inaniuma mpaka leo ingawa si yangu. Walibuni matofali madogo ya kuchezea watoto, yaliyotengenezwa kwa mchanga, chokaa na mafuta ya kitani, mazito na laini kama jiwe la kweli. Yalikuwa mazuri, lakini kuuza hawakujua. Wakaiuza siri hiyo kwa mfanyabiashara mmoja, Friedrich Adolf Richter. Richter akaisajili kwa jina lake, akayauza dunia nzima, akatajirika. Waliporudi baadaye kujaribu kutengeneza matofali kama yale, walijikuta mahakamani na wakashindwa. Gustav alikuwa tayari amekwenda Australia kujaribu bahati huko, akarudi Ujerumani mwaka 1885.

Kilichomwokoa Otto ni boila. Boila za mvuke za zamani zilikuwa na tabia ya kulipuka na kuua watu. Yeye akaunda ya mabomba membamba yaliyojikunja kama nyoka, yenye maji machache ndani, kwa hivyo hata ikipasuka haileti maafa. Karakana ndogo zilizokuwa haziwezi kununua injini kubwa zikaipenda. Mwaka 1883 akafungua kiwanda chake Berlin, na mwaka 1890 akaanza kugawana faida na wafanyakazi, robo nzima, jambo ambalo waajiri wengi hata leo wakilisikia wanakohoa. Aliingia pia kwenye ukumbi wa tamthilia wenye tiketi za bei ya chini ili watu wa vibarua nao waone michezo, na akaandika mchezo mmoja mwenyewe. Kwa jumla alisajili uvumbuzi 25, na ni minne tu iliyohusu kuruka.

Mwaka 1889, pesa zikiwa angalau zinaingia, akachapisha kitabu kuhusu jinsi ndege wanavyoruka na jinsi binadamu anavyoweza kujifunza kwao. Ndani yake kulikuwa na korongo, picha za bawa la korongo, na michoro ya vipimo vyote vya ule mkono wa kuzunguka. Aliwahi hata kufuga vifaranga vya korongo nyumbani awatazame wakijifunza. Kitabu hakikuuzwa sana. Wataalamu wengi wa wakati ule walikuwa na uhakika kwamba mustakabali ni maputo ya gesi, na kwamba mtu mzima anayefunga mabawa ni mgonjwa.

Kwa hivyo akaamua kuwaonyesha. Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 43, alikwenda kwenye vilima karibu na kijiji cha Derwitz, si mbali na Potsdam, akakimbia kuukabili upepo na glaida yake, na miguu ikaachana na ardhi. Mita 25 hivi. Usicheke. Hizo mita 25 zilikuwa hewani kweli, kwa chombo alichokipigia hesabu, na kesho yake angeweza kuzirudia. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kuruka mara moja ukapona ni bahati, na bahati haimfundishi mtu kitu.

Glaida zenyewe ukiziona picha utasema ni popo. Mbavu za fito za mti wa willow, mwepesi na unaokubali kupindwa, juu yake kumewambwa kitambaa cha pamba kilichopakwa nta hewa isipite. Ile iliyokuja kuwa maarufu zaidi, ya mwaka 1894, ilikuwa na upana wa karibu mita saba kutoka ncha hadi ncha na uzito wa kilo 20 hivi. Ilijikunja kama mwavuli, ikabebeka. Otto alisimama katikati, mikono na mabega vikiwa ndani ya fremu, na kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa ananing'inia hewani.

Hiyo miguu inayoning'inia ndiyo usukani. Pua ikiinuka sana, anarusha miguu mbele. Bawa la kushoto likiinuliwa, anarusha miguu kushoto. Ukiwa na rimoti Kipini, kidole gumba chako kinafanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Yeye alikuwa anaifanya kwa kilo 80 za mwili wake, huku mikono imebanwa.

Mwaka 1894 huo huo alichoka kusafiri kutafuta vilima, akajijengea chake. Pale Lichterfelde, pembeni mwa Berlin, kulikuwa na kifusi cha kiwanda cha matofali. Akakirundika kikawa kilima cha mita 15, cha duara kila upande. Umeelewa kwa nini cha duara? Tuta la Kipini linatazama bahari, kwa hivyo kusi likikoma, lifti imekwisha. Kilima cha Otto kilikuwa na mteremko unaotazama kila upepo. Juu yake aliweka kibanda cha kutunzia glaida, na mwenyewe alianzia kukimbia juu ya paa la kibanda hicho. Watu wa Berlin walikuja kumtazama, na wapiga picha nao wakaja. Kamera ndipo zilikuwa zimeanza kunasa kitu kinachokwenda kasi bila kutia ukungu, na zaidi ya picha 100 za Otto angani zimebaki. Magazeti ya nchi nyingi yalizichapisha, na kwa mara ya kwanza dunia ikaona binadamu hewani, amening'inia kwenye bawa.

Akaanza hata kuuza. Ile glaida ya 1894 ilitengenezwa kiwandani kwake, pale pale kwenye boila, kwa bei ya mark 500. Angalau tisa ziliuzwa. Mmoja wa wanunuzi alikuwa profesa Nikolai Zhukovsky wa Moscow, mwingine William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani, na mwingine Percy Pilcher, kijana mhandisi kutoka Uingereza. Tisa ni chache, ila hakuna mtu kabla yake aliyewahi kutengeneza chombo cha kuruka kwa mfululizo na kukiuza kwa wateja.

Kwa safari ndefu alikwenda kwenye Milima ya Rhinow, kaskazini-magharibi mwa Berlin, ambako alifika umbali wa mita 250. Kwa miaka mitano aliruka zaidi ya mara 2,000. Sasa piga hesabu: ukijumlisha sekunde zote hizo, zinakuwa takriban saa tano tu. Saa tano za kujifunza kuruka, bila mwalimu, zilizokatwakatwa vipande vya sekunde kumi kumi.

Na alikuwa anajua shida iko wapi. Mwaka 1894 glaida ilipiga mbizi naye ndani, akaokolewa na upinde wa fito aliokuwa ameufunga mbele kama bampa. Mwaka 1895 akajaribu glaida zenye mabawa mawili, moja juu ya lingine, zilizotulia vizuri zaidi kwenye upepo mkali. Alitafuta pia njia za kuongoza chombo pasipo kutegemea miguu peke yake. Alichokuwa anafukuzana nacho ni jambo moja: bawa lilikuwa limeshakubali kuruka, lakini mwili wa mtu ulikuwa mzito mno na wa polepole mno kuwa usukani.

Jumapili ya Agosti 9, 1896, yeye na fundi wake Paul Beylich walikuwa kwenye kilima cha Gollenberg karibu na kijiji cha Stölln. Hali ya hewa ilikuwa nzuri na jua lilikuwa limetoka. Safari za kwanza zilikwenda vyema. Kisha katika safari moja hewa ikambana: glaida ikainua pua, ikasimama hewani kama ile yako yenye betri nyuma, Otto akarusha miguu mbele kwa nguvu, haikutosha. Pua ikageuka chini. Alianguka kutoka mita 15 hivi. Beylich alimkuta yu hai, lakini shingo ilikuwa imevunjika. Walimpeleka kijijini kwa gari la farasi, kisha Berlin kwa treni, na Agosti 10 akafariki katika kliniki. Alikuwa na miaka 48.

Hewa ya jua inayopanda kutoka ardhini, ile anayoitafuta korongo, inaweza kumwinua mtu ghafla bila kumuuliza. Miaka 120 baadaye, 2016, taasisi ya safari za anga ya Ujerumani, DLR, iliiweka nakala ya glaida yake, iliyojengwa na makumbusho ya Anklam, kwenye handaki kubwa la upepo. Walikuta chombo kilikuwa kimetulia vizuri. Yaani hakikuwa takataka la kujinyongea, kama watu walivyosema kwa muda mrefu. Kilikuwa na mpaka wake, na siku ile hewa ilimvusha mpaka huo.

Pilcher aliendelea Uingereza, naye akaanguka na glaida yake mwaka 1899 akafa. Huko Dayton, Marekani, habari za kifo cha Otto ziliwafikia mafundi wawili wa baiskeli, Wilbur na Orville Wright, na ndizo zilizowarudisha kwenye swali la kuruka. Walichukua majedwali yake, wakajenga glaida kwa tarakimu zake. Zilipokosa kuinuka walivyotarajia, wakashuku majedwali, wakaunda handaki lao dogo la upepo mwaka 1901 na kupima upya kila kitu. Tarakimu za Otto zikaonekana ni nzuri. Kosa kubwa lilikuwa kwenye namba nyingine ya zamani, ya kabla yake, iliyokuwa ikitumika na kila mtu. Kitu walichokibadilisha kabisa ni usukani: waliacha kurusha miguu, wakawa wanapinda mabawa yenyewe kwa kamba. Makala ya Wilbur kumhusu Otto ilitoka mwaka 1912, Wilbur mwenyewe akiwa ameshafariki, na humo alimweka juu ya wote waliowatangulia.

Kile kilima cha Lichterfelde bado kipo, sasa ni bustani yenye ngazi. Gollenberg nako kuna kitu usichokitarajia. Oktoba 23, 1989, wiki chache kabla ya Ukuta wa Berlin kuanguka, rubani wa shirika la Ujerumani Mashariki aliiteremsha ndege ya abiria ya Ilyushin 62, yenye injini nne za jeti, kwenye nyasi chini ya kilima hicho. Uwanja wenyewe ulikuwa na urefu wa mita 900 hivi, mfupi sana kwa ndege kubwa namna ile, na vumbi lilipanda mpaka watu wakadhani imelipuka. Ilisimama salama, na hapo hapo ipo hadi leo. Watu hufungia ndoa ndani yake. Ubavuni imeandikwa jina la Lady Agnes, yule binti wa mchimba migodi aliyebaki na watoto wanne.